Kupima Reli na Magurudumu ya Treni za Mfano kwa Gharama Ndogo: Mwongozo Kamili

Behewa la kwanza nililonunua likiwa limeshatumika lilikuwa likianguka kwenye pointi moja tu, yaani pale njia ya reli inapogawanyika kuwa mbili, na kwa muda wa wiki mbili niliilaumu pointi. Niliing'oa, nikainyoosha, nikaipiga tupa mahali ambapo haikustahili kuguswa, nikaibandika upya, na behewa likaendelea kuanguka. Mwishowe fundi pikipiki wa jirani, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, alitoa vernia yake akapima nafasi iliyo kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Ilisomeka milimita 13.9, wakati ilipaswa kuwa karibu 14.5. Kuyasogeza magurudumu kulichukua chini ya dakika moja, ila pointi niliyokwisha kuiharibu ilibidi inunuliwe nyingine.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na magurudumu kabla ya reli. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na vingi vinapatikana katika maduka ya vipuri na ya vifaa vya ujenzi. Kinachohitaji uangalifu ni kujua kipi kinapima nini, na kukihakiki kabla ya kukiamini.

Unapima nini hasa

Katika treni za mfano, ukubwa wa mfano na upana wa njia ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya huishia kununua kifaa kisichomfaa. HO, ambayo ndiyo maarufu zaidi duniani, ni mfano wa 1 kwa 87, na njia yake ina upana wa milimita 16.5 kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa reli ya pili. Waingereza hutumia OO, yenye mfano wa 1 kwa 76, lakini juu ya njia ileile ya milimita 16.5. N hutumia milimita 9, TT milimita 12, na O milimita 32.

Mkazi wa Dar es Salaam ana bahati ya kuona njia za upana wa aina tatu katika jiji moja: Reli ya Kati yenye milimita 1,000, iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, TAZARA yenye milimita 1,067, na SGR yenye milimita 1,435. Ukizigawa kwa 87, SGR inatoa 16.5, TAZARA inatoa 12.3, na Reli ya Kati inatoa 11.5. Anayetaka kuunda mfano wa TAZARA au wa Reli ya Kati kwa ukubwa wa HO hutumia njia ya milimita 12, ambayo si sahihi kabisa kwa yoyote kati ya hizo mbili lakini haimkwazi mtazamaji. Katika reli halisi, tofauti hiyo ya milimita 67 ndiyo iliyolazimu kujengwa kwa kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu. Juu ya meza haifiki hata milimita moja.

Ukishajua upana wa njia yako, vipo vipimo vingine vitatu vinavyoamua kama gurudumu litapita salama. Cha kwanza ni nafasi ya mgongo kwa mgongo, yaani umbali kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja. Cha pili ni unene wa flenji, ule ukingo unaotokeza upande wa ndani wa gurudumu na kulizuia lisitoke relini. Cha tatu kiko kwenye pointi: ni mwanya ambao flenji hupitia, kati ya reli kuu na reli ya ulinzi inayolala kando yake, au kati ya ncha ya makutano, pale reli mbili zinapokutana kwa umbo la V, na reli za bawa zinazoikumbatia.

Vipimo hivi havisomwi kimoja kimoja. Tuchukue njia ya milimita 16.5 yenye mwanya wa milimita 1.25 kila upande. Ukitoa mianya yote miwili unabaki na milimita 14.0, ambao ni umbali kati ya uso wa reli ya ulinzi na uso wa reli ya bawa iliyo mkabala nayo. Migongo ya magurudumu lazima ipite nje ya umbali huo bila kubana, kwa hiyo nafasi ya mgongo kwa mgongo sharti izidi 14.0. Behewa langu lilikuwa na 13.9, na hapo ndipo lilipokuwa likipanda juu ya reli ya ulinzi na kuanguka. Sasa toa mwanya mmoja tu kwenye upana wa njia: unapata 15.25. Huo ndio umbali ambao reli ya ulinzi inaulinda, kutoka kwenye uso wake hadi kwenye ncha ya makutano. Ukijumlisha nafasi ya mgongo kwa mgongo na unene wa flenji moja, jumla hiyo isizidi 15.25, la sivyo flenji itaigonga ncha au kuingia njia isiyo yake. Gurudumu lenye mgongo kwa mgongo wa 14.5 na flenji ya 0.75 linafika 15.25 hasa. Lenye 14.9 na flenji hiyohiyo linafika 15.65, na litagonga.

Kwa hiyo magurudumu yaliyokaribiana mno hupanda reli ya ulinzi, na yaliyoachana mno hugonga ncha. Ukiliangalia behewa linavyoanguka kwa mwendo wa kinyonga, utajua ni kosa lipi kati ya hayo mawili hata kabla ya kushika kifaa.

Hatua ya kwanza: kununua kalipa

Kalipa, ambayo mafundi wengi huiita vernia, ndicho kifaa pekee ambacho sishauri mtu ajaribu kukikwepa. Ya urefu wa milimita 150 inatosha. Zipo za aina tatu ambazo mfuko wa kawaida unaweza kuzimudu: ya plastiki yenye kioo cha tarakimu, ya chuma cha pua yenye kioo cha tarakimu, na ya chuma isiyo na betri ambayo husomwa kwa mistari.

Ya plastiki ni rahisi kuliko zote, na kwa kupima urefu wa behewa au unene wa taruma haina ubaya, lakini taya zake hupinda ukizibana kidogo tu. Jaribu dukani: ifunge hadi isome sifuri, kisha ongeza nguvu ya kidole gumba. Ikianza kusoma chini ya sifuri kwa 0.05 au zaidi, ujue kwamba kila kipimo utakachochukua kitategemea hali ya kidole chako siku hiyo. Ya chuma cha pua yenye tarakimu inagharimu zaidi kidogo na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Ile ya mistari haihitaji betri na hudumu miaka mingi, ila inahitaji macho mazuri na mazoezi ya kusoma mstari upi umelingana na upi.

Usidanganywe na kioo chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Kalipa ya bei nafuu huonyesha hatua za 0.01, lakini usahihi wake kwa kawaida ni takriban 0.02 hadi 0.03 kwenda juu au chini. Kwa kazi yetu, ambapo tunatafuta kosa la 0.1 na zaidi, usahihi huo unatosha kabisa, mradi tu usibishane na mtu kuhusu 14.51 na 14.52.

Nenda dukani mwenyewe kama unaweza. Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, ni mahali ambapo muuzaji atakuruhusu ufungue boksi na kugusa. Fungua na kufunga taya mara tano na uone kama inarudi kwenye sifuri kila mara. Inyanyue kuelekea taa ikiwa imefungwa. Ukiona mwanga unapenya katikati ya taya, irudishe. Angalia vilevile taya ndogo za juu, zile za kupimia ndani ya tundu, kwa sababu ndizo utakazozitumia zaidi kuliko za chini: ziwe zimenyooka, ziwe nyembamba kama kisu, na zikifungwa ziwe zimelingana bila moja kuipita nyingine. Mwisho, hakikisha ina skrubu ya kufungia. Kalipa isiyofungika haina nafasi katika mwongozo huu, na sababu itaonekana mbele.

Jambo moja kuhusu betri. Kalipa nyingi za bei nafuu zinaendelea kula umeme hata zinapozimwa, kwa sababu ni kioo tu kinachozimwa ilhali saketi ya ndani inaendelea kufanya kazi. Betri ya LR44 huisha kimyakimya, na dalili yake ya kwanza huwa ni kioo kumetameta au tarakimu kurukaruka ovyo. Ukikaa wiki bila kupima, itoe betri. Ukiirudisha, funga taya na uweke sifuri upya.

Hatua ya pili: kuihakiki kabla ya kuiamini

Watu wengi huruka hatua hii kwa kudhani kwamba kuhakiki kunahitaji maabara. Kunahitaji beringi moja. Beringi hutengenezwa kwa usahihi wa hali ya juu sana kuliko kalipa yoyote tutakayoinunua, na vipimo vyake vinajulikana kwa namba iliyochongwa ubavuni. Beringi ya namba 608, ile ya viatu vya magurudumu, ina kipenyo cha nje cha milimita 22 na tundu la milimita 8. Ya namba 6301, ambayo muuza vipuri vya pikipiki anaifahamu vizuri, ina kipenyo cha nje cha milimita 37 na tundu la milimita 12. Kosa linaloruhusiwa kwenye kipenyo cha nje cha beringi ya kawaida ya ukubwa huo ni takriban milimita 0.01. Hata iliyotolewa kwenye pikipiki inafaa, mradi uso wake wa nje hauna kutu wala mikwaruzo.

Futa taya za kalipa kwa kubana karatasi safi kati yake na kuivuta taratibu ili itoke na vumbi. Weka sifuri. Pima kipenyo cha nje cha beringi mara tatu katika sehemu tatu tofauti, ukitumia sehemu ya taya iliyo karibu na mkono mkuu wa kalipa, kisha rudia ukitumia ncha za taya. Kama 608 inasoma kati ya 21.97 na 22.03 kote, kalipa yako ni nzima. Ikisoma 22.00 karibu na mkono lakini 21.90 kwenye ncha, taya zimelegea. Tafuta skrubu mbili ndogo zilizo ubavuni mwa sehemu inayoteleza, uzikaze kidogo kidogo hadi kulegea kuishe bila kuifanya iwe nzito.

Taya za ndani zihakikiwe kwenye tundu. Usishtuke tundu la 8 likisoma 7.95: taya hizo zina ubapa mdogo kwenye makali, na ubapa ndani ya duara dogo daima hupunguza kipimo. Kwenye nyuso mbili zilizonyooka, kama migongo ya magurudumu, kosa hilo halipo.

Hatua ya tatu: vipimo vidogo vya kusaidia

Baada ya kalipa, nunua fila geji, lile bunda la karatasi za chuma ambalo mafundi wa magari hutumia kuweka nafasi za valvu. Kila karatasi imeandikwa unene wake, na bunda la kawaida huanzia 0.05 hadi 1.00. Ukiunganisha ya 1.00 na ya 0.25 unapata 1.25, na hapo tayari una kipimo cha mwanya wa pointi kwa bei ya chini kuliko kifaa chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya treni za mfano. Zifute mafuta kwanza, maana karatasi mbili zenye mafuta katikati zina unene wa zaidi ya jumla yake.

Kadi ya benki iliyokwisha muda wake ina unene wa milimita 0.76 kwa viwango vya kimataifa, nayo ni kipimo kizuri cha haraka, ilimradi upime pale pasipo na maandishi yaliyotokeza. Rula ya chuma ya sentimita 30, pimamaji fupi, kipande cha kioo cha dirisha kilicholainishwa kingo, na tochi ya simu vinakamilisha sanduku.

Kuhusu vipimo vya plastiki vinavyochapwa kwa mashine za 3D, ambavyo siku hizi vinauzwa au kutolewa bure kama faili, nina mashaka navyo. Mashine nyingi za nyumbani hukosea kwa 0.1 hadi 0.2, na kosa la ukubwa huo ndilo hasa tunalolitafuta. Vinafaa kwa umbo la kona na kwa kupanga umbali kati ya njia mbili, wala si kwa mgongo kwa mgongo. Tena plastiki ya PLA, inayotumiwa sana na mashine hizo, hulainika ikifika joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililoegeshwa juani saa saba mchana halihitaji kubembelezwa kufika huko.

Hatua ya nne: magurudumu

Toa ekseli kwenye behewa. Shika taya za ndani za kalipa, ziingize kati ya magurudumu juu ya ekseli, zifungue hadi ziguse migongo yote miwili kwa wepesi, kisha usome. Zungusha magurudumu robo duara, pima tena, hadi uwe na vipimo vinne. Kwa HO na OO za kawaida, lenga karibu 14.5, na ukubali kati ya 14.4 na 14.6. Kama vipimo vinne vinatofautiana kwa zaidi ya 0.1, gurudumu moja limekaa upande na litayumba.

Baada ya ekseli kumi utachoka kusoma tarakimu, na uchovu huzaa makosa. Hapa ndipo skrubu ya kufungia inapolipa gharama yake. Fungua taya za ndani hadi 14.40, zifunge kwa skrubu, na uzipitishe kwenye kila ekseli: zisipoingia, magurudumu yamekaribiana mno. Kisha zifunge kwenye 14.60: zikiingia, yameachana mno. Ekseli iliyopita mitihani yote miwili ni salama, na hukuhitaji kusoma namba hata moja. Mimi huzitenga katika visahani vitatu, na kwa kawaida nusu saa inatosha kwa mabehewa ishirini.

Kurekebisha kunahitaji mkono mtulivu. Kwa magurudumu ya chuma yaliyobanwa kwenye ekseli, shika gurudumu moja kwa kila mkono, yazungushe kinyume huku ukiyavuta au kuyasukuma, yaani mwendo wa kufungua kifuniko cha chupa. Usiingize bisibisi kati yake na kubinua. Bisibisi huondoa tatizo la nafasi na kuleta la kuyumba, na kuyumba ni vigumu zaidi kukutengeneza. Hakikisha pia kwamba unasogeza kila gurudumu kwa kiasi sawa, ili yote mawili yawe na umbali uleule kutoka kwenye ncha za ekseli. Vinginevyo behewa litatembea likiwa limeegemea upande mmoja.

Unene wa flenji hupimwa kwa ncha za taya za nje, nusu ya kimo cha flenji. Kina chake hupatikana kwa hesabu: pima kipenyo cha gurudumu juu ya flenji, pima kipenyo cha sehemu inayokanyaga reli, toa, kisha gawa kwa mbili. Magurudumu yanayofuata umbo la RP-25 la Marekani yana flenji yenye kina cha takriban 0.64. Yale ya zamani ya vitu vya kuchezea huweza kuwa na zaidi ya milimita moja, na hayo yatagonga vishikio vya reli za kisasa zenye kimo kidogo hata kama mgongo kwa mgongo ni sahihi. Reli hizo hutajwa kwa kimo chake katika sehemu za elfu za inchi: kodi 100 ni milimita 2.54, kodi 83 ni 2.11, kodi 75 ni 1.9.

Kujua kama gurudumu linayumba, laza kioo mezani, weka ekseli juu yake ikiwa imeegemea kipande cha mbao kilichonyooka, na uizungushe taratibu huku tochi ikimulika kutoka nyuma. Mwanya kati ya mbao na ubavu wa gurudumu utapanuka na kupungua. Ukitaka namba, pitisha fila.

Hatua ya tano: kutengeneza geji yako mwenyewe

Kalipa iliyofungwa inatosha kwa siku moja, lakini kesho utaihitaji kwa kazi nyingine. Geji isiyobadilika ni rafiki wa kudumu, na kuitengeneza ni kazi ya jioni moja.

Tafuta kipande cha shaba ya njano chenye unene wa milimita 3 hadi 5. Kata kipande cha upana wa kama milimita 10 na urefu unaozidi 15 kidogo. Kibane kwenye jiliwa, lainisha upande mmoja wa mwisho kwa tupa hadi uwe mraba ukiupima kwa guniya, kisha anza kupunguza upande wa pili. Pima katika sehemu tatu kila baada ya mapigo machache. Ukifika 14.6, acha tupa. Gundisha msasa laini juu ya kioo na usugue geji juu yake kwa mwendo wa duara, ukiishika wima, hadi ifike 14.50 katika sehemu zote tatu. Mwisho, kata mfereji wa upana wa milimita 3 katikati ya uso mmoja mpana, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ili geji iweze kukaa juu ya ekseli, ambayo kwa HO huwa na unene wa karibu milimita 2.

Ukipitiliza hadi 14.42, usitupe. Andika namba hiyo juu yake kwa msumari na uifanye geji ya chini. Yangu ya kwanza ilikusudiwa kuwa 14.5 na sasa ndiyo geji yangu ya 14.4.

Asiye na tupa wala subira aende kwa fundi wa kukereza vyuma. Mwambie unataka vipande viwili vya duara, kimoja cha urefu wa 14.40 na kingine 14.60, na umpe pia kipimo cha 16.50 kwa ajili ya njia. Mpe michoro yenye namba. Maelezo ya mdomo kuhusu treni ndogo humfanya fundi acheke na kukadiria. Nenda na kalipa yako uliyoihakiki na upime mbele yake kabla ya kulipa.

Hatua ya sita: njia na pointi

Kabla ya chuma chochote kugusa reli, zima umeme. Kalipa ya chuma ikigusa reli zote mbili kwa pamoja inaunganisha nguzo mbili za umeme, na kwenye mfumo wa kidijitali wenye ampea kadhaa unaweza kuunguza ncha za kalipa au kuharibu kifaa cha kuendeshea.

Upana wa njia hupimwa kwa taya za ndani, zikiwa zimegusa nyuso za ndani za vichwa vya reli na si chini zaidi, kwa sababu huko kuna vishikio. Taya ziwe mraba kwa njia. Zikikaa mshazari kidogo zitasoma zaidi. Kwenye reli za kiwandani utakuta 16.5 na kitu kidogo juu yake. Kwenye kona kali, kuzidi kidogo ni jambo jema, kwa kuwa huwapa nafasi vichwa vya treni vyenye ekseli nyingi. Ikisoma chini ya 16.5 popote, tafuta sababu: mara nyingi ni lehemu iliyoyeyusha taruma la plastiki, au msumari uliopigwa katikati ya taruma hadi likabonyea na kuzivuta reli ndani. Hilo la msumari ni la kawaida mno, na dawa yake ni kuuinua msumari kwa unene wa karatasi moja.

Kwenye pointi pima katika sehemu tano: mwanzo wa pointi, kwenye ncha za reli zinazosogea, katikati ya kona, kwenye ncha ya makutano kwa njia iliyonyooka, na hapohapo kwa njia inayokata. Kisha chukua fila zako za 1.25 na uzipitishe kwenye mwanya wa reli ya ulinzi na wa reli ya bawa. Zikibana, ongeza kwa tupa nyembamba. Zikilegea sana, gandisha ukanda mwembamba wa plastiki kwenye uso wa reli ya ulinzi hadi mwanya urudi mahali pake. Huu ni ukarabati wa gharama ndogo kuliko wote na unaponya pointi nyingi za bei rahisi.

Umbali unaolindwa, ile 15.25 ya mfano wetu, haupimiki kwa kalipa moja kwa moja kwa sababu nyuso zake mbili zinaangalia upande mmoja. Pima upana wa njia kwenye ncha, toa mwanya uliopimwa kwa fila, na uandike jibu kwa penseli kwenye mbao pembeni. Ule wa 14.0, kinyume chake, unapimika: bana reli ya ulinzi na reli ya bawa kutoka nje kwa ncha nyembamba za taya za nje. Mwenye njia ya milimita 12 au nyingine yoyote afanye hivyohivyo kwa namba zake mwenyewe, kisha ayapange magurudumu yake kulingana na majibu aliyoyapata.

Kona na mwinuko

Hapa rula na pimamaji vinatosha. Kupata nusu kipenyo cha kona, kata ukanda wa kadibodi ngumu wa urefu wa milimita 200 kamili, weka ncha zake mbili zikigusa uso wa ndani wa reli ya nje, na upime mwanya ulio katikati kati ya ukanda na reli. Zidisha 200 kwa 200, gawa kwa mara nane ya mwanya, kisha ongeza nusu ya mwanya. Mwanya wa milimita 11 unatoa nusu kipenyo cha 460. Toa milimita 8 na robo kupata kipimo cha katikati ya njia. Fanya hivyo kila baada ya sentimita 10 kuizunguka kona, na mahali mwanya unapoongezeka ghafla ndipo treni itakapolalamika.

Kwa mwinuko, gandisha kipande cha milimita 6 chini ya ncha moja ya pimamaji la sentimita 30, na uiweke ncha hiyo upande wa bondeni. Povu likikaa katikati, mwinuko ni asilimia 2 hasa. Programu za simu hupima pia, lakini mwinuko wa asilimia 2 ni nyuzi 1 na kidogo tu, na simu yenye kamera iliyotokeza nyuma haikai sawa juu ya reli.

Lini ununue geji rasmi

Chama cha Marekani cha NMRA, kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935, hutoa geji ya bamba la chuma inayopima njia, mianya na magurudumu kwa pamoja, moja kwa kila ukubwa. Ni kifaa kizuri, na bei yake yenyewe si kubwa. Kinachouma ni usafirishaji. Mwenye ndugu anayerudi kutoka Marekani amwombe ailetee ndani ya bahasha, maana ni bapa na nyepesi. Viwango vyenyewe, vya NMRA na vile vya Ulaya vinavyoitwa NEM, vinapatikana bure kwenye intaneti, na nashauri uvichapishe hata kama huna mpango wa kununua geji. Chagua kimoja ukifuate. Kuchanganya namba za viwango viwili kwenye pointi moja ni kujitafutia shida.

Anayetumia njia pana zaidi za Waingereza, kama EM ya milimita 18.2 yenye mgongo kwa mgongo wa 16.5, asinunue geji ya HO kwa kudhani zinakaribiana.

Ekseli zilizopita geji nazitia nukta ya rangi nyeupe kwenye uso wa ndani wa gurudumu, mahali ambapo haionekani treni ikitembea. Ambayo haina nukta haipandi mezani kwangu, hata kwa mgeni aliyekuja na behewa lake mkononi. Kwanza tunalipindua chali, natoa kile kipande changu cha shaba chenye 14.42 iliyoandikwa kwa msumari, na tunapima.